Mnaoanza kazi ya utumishi, muulizeni mwenyewe kwanza

Nimefanya kazi ya utumishi, yaani kusimamia mambo ya wafanyakazi, hapa Mtwara miaka tisa, mingi kwenye viwanda vya kubangua korosho, na kila msimu tunapokea vijana wapya kutoka chuo, sheria wanaijua vizuri tu. Ukiwauliza wanakujibu chap, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea, angalau asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Sawa kabisa. Ila wadogo zangu kazi yenyewe inaanza huyo mtu akishaingia getini.

Kiwanda nilichoanzia kulikuwa na dada kiziwi meza ya kuchambua, pale mnapotenga korosho nzima nyeupe na vipande na zilizoungua, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wote pale. Siku moja supavaiza kaja ofisini analalamika kwamba huyu dada akiitwa haitiki, mkaidi, aandikiwe onyo. Nikaandika, sikumuuliza mtu. Nikampa barua mkononi, akaisoma taratibu, akachukua kalamu yangu mezani akaigeuza ile karatasi akaandika nyuma: ananiitia mgongoni.

Nilikosa la kusema. Onyo nikalifuta kwa maandishi, barua ya kulifuta nikaiweka kwenye faili lake, tukageuza meza yake ikaangalia mlango supavaiza anakotokea, fundi umeme akafunga taa inayowaka pamoja na king'ora maana nilishtuka kugundua kwamba siku moto ukitokea yule dada angebaki pale anachambua. Kazi ya asubuhi moja tu.

Sasa sheria inaingia hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ulemavu, na kumnyanyasa kwa sababu hiyo nako kunahesabika ubaguzi. Na mfanyakazi akishaonyesha dalili za kubaguliwa, ni mwajiri ndiye atakayethibitisha kwamba haikuwa hivyo. Kile kionyo changu cha ukurasa mmoja kingesomwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayosikiliza migogoro ya kazi, ningejibu nini? Kifungu cha 37 nacho kinasema ulemavu sio sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Aliyeachishwa ana siku 30 kupeleka mgogoro CMA, akipitisha inabidi kwanza aombe kuongezewa muda, kwa hiyo akija mtu kukuuliza mwambie ukweli hata kama mshahara wako unatoka kwa mwajiri, mimi hilo silifichi.

Jingine ni hii lugha ya "wote sawa". Kuna mpanga zamu alimpeleka kijana mwenye ualbino uwanja wa kuanikia korosho, saa saba mchana, mwezi wa kumi, eti zamu ni zamu. Jua la huku mnalijua. Yule kijana alikuwa hodari wa mzani na ghalani kulikuwa na nafasi, hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hujamkabidhi kwa supavaiza, kaa naye. Akiwa kiziwi tafuta mkalimani wa lugha ya alama au mwandikiane, usimwongelee kupitia ndugu yake kama mtoto. Muulize akae wapi, aitwe vipi, kitu gani kitamkwamisha. Andika alichosema na mlichokubaliana, weka tarehe, wote msaini, nakala moja aondoke nayo.