Maziwa Yalikatika, Sisi Tukaandika Hayajakatika

Wiki hii barua karibu zote ni za labu. Nafikiri ni juu vyuo vimefunguliwa na mafresha wa sayansi ya chakula wamekutana na bureti kwa mara ya kwanza tangu KCSE, sasa kila mtu ana swali. Moja nimeipa nafasi kubwa kwa sababu iliniuma, zingine nitajibu mbio mbio.

*

*Habari yako Madam. Mimi niko mwaka wa kwanza, sayansi ya chakula, chuo kiko huku Magharibi jina sitataja. Grupu yetu tuko watu nane. Juzi praktiko ilikuwa ya kupima maziwa na spiriti, unaweka maziwa mililita mbili na spiriti mililita mbili kwa testi tyubu, unapindua polepole, unaangalia kama yamekatika. Manyuali ilisema maziwa ni freshi kwa hivyo hayatakatika. Yetu yalikatika Madam, vidonge vidonge vimeshika kwa kioo. Meza ya dirishani yenye tulikuwa tunashare nayo chupa ya spiriti pia yao yalikatika, lakini wengine wote hapana. Lida wetu akasema andikeni hayajakatika tusipoteze maksi, nikaandika. Tulipata 9 kwa 10. Sijui kwa nini hio kitu inanikera hadi usiku. Alafu ukweli ni kwamba tangu semesta ianze mimi sijashika pipeti, wenye wanashika ni wawili walitoka shule kubwa kubwa, sisi wengine tunakopi tu. Kwani maziwa freshi yanaweza kukatika? Na niende kwa lekcha ama ninyamaze?*
*— Mkopi, Magharibi*

Mkopi, wacha kwanza nicheke kidogo, si kwa ubaya, ni vile jibu la swali lako umeliandika mwenyewe kwa barua na hukuliona. Umesema nyinyi na meza ya dirishani mlikuwa na chupa moja ya spiriti, na ni nyinyi tu mlikatikiwa. Maziwa nadhani yalitoka kwa ndoo moja ya darasa lote. Sasa kama maziwa ni yale yale na chupa ndio tofauti, mimi ningeshuku chupa kabla sijamshuku ng'ombe.

Iko hivi. Spiriti ya hio testi inafaa kuwa ya asilimia 68 ama 70 hapo, lakini ile inatoka stoo ni ya 96. Lazima mtu aipunguze: ukitaka ya 68 unapima mililita 71 za ile kali unajaza maji hadi mia. Mtu akiwa na haraka akamimina ile ya 96 moja kwa moja kwa chupa ya mezani, hata maziwa yaliyokamwa asubuhi hio hio yatakatika, juu spiriti inanyang'anya maji zile protini za maziwa, kaseini, na zikikosa maji zinashikana. Ile spiriti iliyopunguzwa vizuri haina nguvu ya kukata maziwa mazima, inakata tu yale ambayo kaseini yake imeshachoka, kwa mfano yameanza kuchacha, ama ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele, ama mtu amechanganya na dang'a ya ng'ombe aliyezaa juzi. Testi yote inasimama hapo. Kwa hivyo ndio, maziwa freshi yanaweza kukatika, na hio ndio ilikuwa praktiko tamu kabisa ya siku hio na grupu yenu ikaitupa kwa pipa.

Mngefanya nini? Kuazima spiriti ya meza nyingine na kurudia, dakika moja. Yasipokatika, mmeshika mwizi. Kama bado yanakatika, chemsha kidogo kwa testi tyubu, ama mpime uchachu: maziwa mililita 9, matone machache ya finofthalini (ile dawa ya kubadilisha rangi), unaangusha sodiamu haidroksaidi ya 0.1 hadi ile rangi ya waridi hafifu ikae bila kupotea, unasoma mililita ulizotumia unagawanya kwa kumi. Hio ni asilimia ya asidi, na maziwa mazuri yanakupa kama 0.16 hadi 0.18. Ukipata 0.22 basi ng'ombe hasingiziwi.

Wacha nikwambie kwa nini hii barua iliniuma. Miaka hio nilikuwa kwa kituo cha kupokea maziwa kaunti ya Nakuru, kituo sitataja. Asubuhi moja baridi ile ya kutoa moshi mdomoni, kijana mgeni wa kupima alikuta spiriti imeisha, akafungua dumu mpya akajaza ile bunduki yake ya kupimia bila kupunguza. Mtungi wa kwanza umekatika, wa pili umekatika. Wa tatu ulikuwa wa mzee mmoja, lita 20, ameufunga kwa baiskeli na kamba ya mpira. Aliangalia vile vidonge kwa kikombe, hakubishana hata, akafunga kifuniko, akazungusha kamba yake mara mbili, akavuta kuhakikisha imekaza, akasema haya mwanangu, akageuza baiskeli. Ilipofika mtungi wa saba ndio nikauliza kwani leo ng'ombe wa lokesheni nzima wamegonjeka? Tukaonja, maziwa matamu. Tukanusa bunduki, ikatuchoma pua. Tulituma bodaboda imfuate mzee na ikampata, lakini maziwa alikuwa ameshamwagia mbwa. Na huyo kijana alikuwa na cheti kizuri kuliko changu, shida ni alikuwa anajua maziwa mabovu hukatika na hajawahi kuona maziwa mazuri yakikatika. Wewe umeyaona, ukiwa mwaka wa kwanza, alafu ukaambiwa ufute.

Kwa lekcha, enda, lakini anzia kwa teknishani. Watu hudharau teknishani na ndiye anajua chupa gani ilijazwa lini na nani. Mwambie tu, chupa yetu tunaishuku, naomba nirudie testi. Ukishapata jibu, mnaenda kwa lekcha na kitu mkononi, mnasema tuliandika hivi, ukweli ulikuwa hivi, na sababu ni hii. Inawezekana mpoteze hizo maksi mbili tatu. Lekcha wengi nawajua wangewapa zaidi, lakini siwezi kukuahidi, kuna wengine roho zao ni ngumu.

Na mambo ya pipeti, usingoje upewe. Fika dakika kumi mapema usimame upande wa vifaa, mwambie lida wiki hii mimi napima, wewe andika. Wale wawili wa shule kubwa hawakunyimi kwa ubaya, wanaogopa tu kuchelewa. Ukikosa kabisa, tafuta sirinji ya duka la dawa, ile ya mililita 10, na kikombe cha maji yenye rangi. Toa mililita moja weka kwa tisa za maji safi, changanya, toa moja tena weka kwa tisa zingine, endelea hadi rangi ipotee. Hio ndio kazi yote ya kupunguza sampuli mtakayofanya mkifika kuhesabu bakteria, na mkono wako utakuwa umeshazoea.

*

*Madam kuna vita hapa Nakuru. Tuliambiwa tukague themomita kwa maji yanayochemka. Yetu inafika 94 inakataa, tumengoja hadi maji yakakaribia kuisha. Mwenzangu ameandika 100 juu ndio iko kwa kitabu, anasema themomita imeharibika. Nani ako sawa?*
*— Wa 94*

Wewe. Tena ingesoma 100 hapo Nakuru ningekwambia uirudishe stoo. Mji wa Nakuru uko juu ya bahari kama mita 1,850, hewa ni nyepesi, maji hayahitaji kufika 100 ndio yachemke. Hesabu ya haraka haraka ni kila mita 300 ukipanda unapoteza digrii moja hivi. Kisumu iko kama mita 1,130, huko utapata 96, na 100 yenyewe nenda ukaitafute Mombasa. Maharagwe pia yanajua hii hesabu, muulize mtu yeyote amehama kutoka Kisumu kwenda Njoro makaa yake yanaisha vipi. Kama mnataka kumaliza ubishi, wekeni themomita kwa barafu iliyopondwa na maji kidogo, hapo ni 0 Nakuru, 0 Kisumu, 0 kila mahali.

Lakini kuna mahali hii kitu inaumiza kweli na mafresha hawaambiwi. Otoklevu, ile sufuria ya presha ya kuua vijidudu kwa vifaa vya labu. Kitabu kinasema presha paundi 15, dakika 15, utapata digrii 121. Hio ni ya pwani. Ile geji inaonyesha presha iliyozidi hewa ya nje, na hewa ya nje ya Nakuru ni kidogo, kwa hivyo ukiweka 15 unapata kama 118 tu na unadhani umeua kila kitu. Huku juu ongeza paundi moja kwa kila mita 600, Nakuru inakuja kama 18. Kama mashine yenu ina themomita yake, fuata digrii uachane na paundi. Nimeona watu wakitupa agari, ile jeli ya kukuzia bakteria, wiki nzima ati labu ina laana, kumbe ni hio geji. Maziwa ya kupasteurizi hayana hii shida, 63 kwa dakika 30 ama 72 kwa sekunde 15 zote ziko chini ya kuchemka, zinafikika hata Timboroa.

*

*Mwalimu, kijana wangu ameingia chuo kusomea mambo ya chakula na sasa anataka pesa ya koti jeupe na miwani. Nikamuuliza kwani mnapika ama mnachomelea vyuma? Ni ukweli ama ananila?*
*— Mama Kijana, Bungoma*

Mama, pole na majukumu, lakini hapa kijana hakudanganyi. Nikupe mfano mmoja tu. Kupima mafuta ya maziwa kwa njia ya Gerber, mtoto anaweka kwa kichupa kimoja asidi ya salfuriki mililita 10, ile kali ya kutoboa nguo, anaongeza maziwa kama mililita 11 na spiriti ya amili mililita moja, anafunga na kifuniko cha mpira, anatikisa. Kile kichupa kinapata moto hadi lazima ukishike na kitambaa, na kifuniko kikiteleza hio asidi iko sawa na urefu wa macho. Kwa hivyo miwani nunua mpya na nzuri. Koti si lazima liwe jipya, tafuta mitumba, bora liwe la pamba, mikono mirefu, vifungo vyote vipo. La nailoni usikubali hata ukipewa bure, likishika moto linayeyuka kwa ngozi. Na viatu viwe vya kufunika vidole, sandoz abaki nazo hosteli.

*

*Kwa Form Four tulifundishwa kusoma chini ya ule mkunjo wa maji. Sasa kwa laktomita teknishani anasema juu. Tufuate gani?*
*— Macho Mawili, Kisumu*

Teknishani. Maji unaona ndani yake, maziwa huoni, sasa hapo chini utasoma vipi? Kioevu kisichoonyesha ndani kinasomwa juu ya mkunjo. Na usisahau joto la maziwa, juu laktomita ni ile ya kuelea inayopima uzito wa maziwa kujua kama yameongezwa maji: iliyotengenezewa digrii 20, kila digrii moja ikizidi unaongeza 0.2, ikipungua unatoa 0.2. Kisumu mchana maziwa yakiwa 27 umeshakosea 1.4 kabla hata hujaanza, unaweza kumwita mtu mwizi wa kuongeza maji na hajaongeza tone.

*

*Tunaweza kunywa yogati tuliyotengeneza? Na ile ya labu ya kemia?*
*— Njaa ya Comrade*

Ya kiwandani kwenu, iliyopikwa kwa sufuria za chakula, kunyweni mnibakishie. Ya labu ya kemia hapana, hata ikinukia namna gani, hata kama mkopo wa HELB haujaingia. Sampuli zingine huwekwa dawa ili zisiharibike, na hio bika jana ilikuwa na kitu gani wewe hujui. Na pipeti usivute kwa mdomo, kuna kale kapira kake.

*

*Niko nyumbani Trans Nzoia likizo, hakuna labu, nafanya praktiko gani?*
*— Mwana wa Mkulima*

Uko kwa mahindi alafu unauliza labu iko wapi! Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaangwa ikakauka, funga, tikisa dakika kadhaa, uache itulie robo saa. Chumvi ikishika kwa kioo, mahindi yako bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 hivi, rudisha kwa turubai. Isiposhika uko chini ya hapo, lakini bado si ruhusa ya kufunga gunia, kwa sababu stoo inataka isizidi 13.5 na chumvi haiwezi kukuonyesha hio tofauti. Anika siku moja mbili zaidi, alafu ukirudi chuoni beba kilo moja kwa mfuko usiopitisha hewa, uikaushe kwa oveni uone kama chupa yako ilisema ukweli.

Usione ni mchezo. Mwaka wa 2004, hasa kule Makueni na Kitui, watu 317 waligonjeka na 125 wakafa, ni aflatoksini, sumu ya ukungu wa mahindi yaliyowekwa na unyevu, na hio sumu ugali ukiiva haiondoki. Andika kila gunia kwa daftari, tarehe, jua lilikuwaje, chumvi ilishika ama haikushika. Ikishika andika ilishika, hata kama ni gunia la babako na alikuwa amekuambia ni kavu.