Skapulari ni vazi la kazi

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: skapulari, vile vitambaa viwili vidogo vya kamba shingoni mwa Mkatoliki, ni vazi la imani, au ni hirizi iliyobatizwa? Mimi ni fundi cherehani hapa Mbagala. Julai inapokaribia, watu wakijiandaa na sikukuu ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli tarehe 16, vitambaa hivyo hupita mikononi mwangu kwa wingi. Ninavipenda, na swali lenu limenigusa.

Jibu langu: ni vazi, tena vazi la kazi. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 55 ya Kanuni yake aliyoiandika karne ya 6, anapanga nguo za mmonaki, yaani mtawa wa monasteri, na kuitaja skapulari kuwa ni ya wakati wa kazi. Baadaye ikawa kitambaa kirefu kinachopitishwa kichwani na kushuka mbele na nyuma juu ya kanzu, kama mnavyoona kwa Wabenediktini, watawa wanaofuata Kanuni hiyo, wa Peramiho na Ndanda. Hata sisi wa Dar es Salaam vazi hilo si geni kwetu. Wamisionari waliofungua Pugu mwaka 1888 walikuwa Wabenediktini, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale mjini lilijengwa enzi zao.

Hii ndogo ya walei, waumini wasio mapadre wala watawa, imetokana na ile kubwa ya watawa: vipande viwili vya sufu ya kahawia vilivyounganishwa kwa kamba mbili, kimoja kifuani na kingine mgongoni. Anayeivaa anajiunga na familia ya Wakarmeli, shirika la watawa wa Bikira Maria wa Mlima Karmeli, huku akiendelea na ndoa yake, genge lake au ofisi yake. Mapokeo yao yanasema Bikira Maria alimtokea Mkarmeli mwenzao, Mtakatifu Simon Stock, mwaka 1251, akaahidi kwamba atakayekufa ameivaa hatapatwa na moto wa milele.

Ahadi hiyo ndiyo inayopotoshwa. Utamsikia mchuuzi nje ya kanisa akimwambia mama, "Mvalishe mtoto, hatapata ajali." Kanisa halijafundisha hivyo. Katekisimu, namba 1670, inasema visakramenti, yaani ishara na vitu vilivyobarikiwa kama skapulari, havitoi neema kwa namna ya sakramenti. Kwa sala ya Kanisa vinatuandaa kuipokea. Anayevaa anatakiwa kusali, na kuishi usafi wa moyo kulingana na hali yake, awe ameoa au hajaoa. Mwenye kuacha hayo yote akabaki na kitambaa, amebaki na kitambaa tu.

Kuna mama aliwahi kuniletea skapulari akitaka nifumue mshono, niingize karatasi iliyokunjwa, kisha nishone tena. Nilimwambia, "Hapana, mama yangu, hiyo sitaifanya." Sikumfokea, maana alikuwa na mgonjwa nyumbani na hofu ilikuwa imemjaa usoni. Nilimsihi aende na mgonjwa wake kwa padre na kwa daktari pia. Lakini ukishashonea kitu cha siri ndani ya kitambaa ili kifanye kazi chenyewe, bila wewe kusali wala kubadilika, hirizi hasa ndiyo hiyo, hata kama nje pana picha ya Bikira Maria.

Ndiyo maana nasisitiza kuvikwa. Skapulari hainunuliwi tu na kutiwa shingoni. Padre au shemasi anaibariki na kukuvika kwa sala, mara moja tu maishani. Papa Yohane Paulo wa Pili aliivaa tangu ujana wake, na mwaka 2001, Wakarmeli walipoadhimisha miaka 750 ya mapokeo hayo, aliwaandikia barua akilishuhudia hilo mwenyewe.

Kuhusu joto letu, ni kweli sufu inawasha na jasho linaozesha kamba. Tangu mwaka 1910 Papa Pius wa Kumi aliruhusu medali ivaliwe badala yake, yenye Moyo Mtakatifu wa Yesu upande mmoja na Bikira Maria upande wa pili, ila kuvikwa kwenyewe kunabaki kwa kitambaa. Wanaoshinda jikoni au kubeba mizigo bandarini nawashauri wachukue medali. Kwangu mimi kitambaa ni bora, kwa sababu kinavaliwa kama nguo, kinachakaa, na kinahitaji kuangaliwa.

Mkishona wenyewe, msitumie kamba ya nailoni, inakata ngozi. Chukueni utepe mwembamba wa pamba, kunjeni ncha yake ndani ya pindo, kisha rudisheni sindano mara tatu kwenye kona, maana hapo ndipo panapoachia kwanza. Ikikatika, vaeni nyingine bila kuvikwa upya. Ile kuukuu msiitupe jalalani: ichomeni au ifukieni.