Ratiba ya usafi inayokufa kila Jumatano

Pole dada uliyeuliza kwa nini ratiba yako ya usafi wa nyumba haifiki mwisho wa wiki. Kama unatoka Mbagala alfajiri na kurudi usiku, ratiba ndefu ya ukutani lazima ife Jumatano. Ipunguze. Kila siku iwe vyombo visilale vichafu na sebule ifagiliwe, basi. Choo mara mbili kwa wiki. Kudeki na kufua fuata siku ya maji ya bomba, si lazima Jumamosi. Mapipa ya maji yasugue ndani kila wiki. Mayai ya mbu wa dengi hung'ang'ania kwenye kuta za pipa hata ukimwaga maji. Mtoto wa miaka 10 anafagia vizuri tu, na shemeji naye ana mikono! Ila jiki usichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya klorini. Kifua kikibana, toka nje haraka, uende hospitali.