Mikataba ya kimataifa inamsaidia nini mjane wa kijijini?

Ndugu, umeuliza CEDAW, ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, unamsaidia nini mjane wa kijijini, ilhali hauna wa kuutekeleza kwa nguvu. Nakupa kesi moja tu, ya Shinyanga.

Wajane wawili, wakwe na mashemeji wakawatoa kwenye nyumba walizoachiwa na waume zao. Kwenda mahakamani wakakutana na tangazo la sheria za mila la mwaka 1963: mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo, atatunzwa na watoto wake, kama alivyowatunza yeye. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, ila ikakataa kuzifuta. Wakakata rufaa. Miaka minne baadaye, 2010, rufaa ikatupwa kwa kasoro ya tarehe kwenye hati. Tarehe, jamani!

Hapo ndipo mkataba ukapata kazi. Tanzania iliuridhia 1985, na 2006 ikakubali itifaki inayomruhusu mtu binafsi kupeleka malalamiko kwenye kamati yake. Wakapeleka. Machi 2015 kamati ikasema serikali imeukiuka mkataba, iwalipe fidia na irekebishe sheria.

Kamati haina polisi wala dalali wa mahakama, hilo nakubaliana nawe kabisa. Lakini wakili anayesimamia mirathi ya kimila leo anacho cha kumwekea hakimu mbele, na shemeji akisema "ndiyo mila yetu" anajibiwa.