Ukiambiwa "tuvumiliane kidogo" kazini, uliza mpaka lini

Kila marubani wakigoma hapa Kenya utasikia watu kwa matatu wakisema aah, hao si wanalipwa vizuri, wanataka nini tena, na mimi mwenyewe nilikuwa kwa hiyo kwaya. Novemba 2022 nilikuwa nimekaa kwa kibanda cha chai huku Embakasi, redio inasema ndege za Kenya Airways hazitoki JKIA, abiria zaidi ya elfu kumi wamekwama, mama wa chai akauliza kwani hawa hulipwa pesa ngapi, tukacheka wote. Halafu mwenzangu mmoja tuliyefanya kazi pamoja akaweka kikombe chini akasema, "Lakini si hiyo ni ile kesi yetu?" Sikumaliza mandazi.

Juu ilikuwa kesi yetu kweli. Wengi wanakumbuka tu kwamba marubani waligoma, hawakumbuki waligomea nini. Haikuwa nyongeza. Chama chao, KALPA, kilikuwa kinadai kampuni irudishe mchango wake kwa mfuko wa akiba ya uzeeni, na ilipe mishahara iliyozuiliwa wakati wa korona. Yaani walikuwa wanadai kitu walichokuwa nacho kikasimamishwa 2020, na miaka miwili baadaye bado kimesimama.

Sasa mimi. Nilikuwa kwa kampuni moja ya mizigo, jina naliacha, na nilikuwa mwakilishi wa chama pale kazini, ule mwakilishi ambaye akipita koridoni mabosi wanaanza kuangalia simu. Aprili 2020 tukaitwa godauni, tukasimama mbali mbali na barakoa zetu, kila mtu akapewa karatasi moja. Mshahara unapungua asilimia 30, na mchango wa kampuni kwa penseni unasimamishwa "hadi biashara itakaporudi katika hali ya kawaida". Nikasoma kwa sauti, nikawaambia watu tuweke sahihi, kwa sababu ukiangalia nje ndege zimelala na wa kwenda nyumbani walikuwa wengi. Sijutii ile sahihi hata leo. Ninachojutia ni kwamba hayo maneno ya mwisho niliyapita kama mtu anayepita kibao cha barabara anayoijua.

Hali ya kawaida ya nani? 2021 mizigo imeanza kujaa, tunaitwa ovataimu hadi Jumapili, maua yanaingia usiku kucha, ukienda ofisini kuuliza penseni unaambiwa bado hatujafika hali ya kawaida. Mshahara walirudisha mapema, huo mtu akikosa anapiga kelele tarehe moja. Penseni haina kelele. Ikikosa kuingia hakuna mtoto anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya fizi, landilodi hagongi mlango, na ndio maana ikifika wakati wa kubana matumizi hiyo ndiyo ya kwanza kuguswa na ya mwisho kurudishwa.

Kwa hivyo ukiletewa karatasi ya namna hiyo, hata kama mambo ni magumu kweli na bosi analia machozi ya kweli, omba tarehe. Wakikataa tarehe omba kipimo kinachoonekana, mfano mapato yakifika kiwango fulani au baada ya miezi sita tukae tena mezani. Na uliza hii pesa inakatwa au inacheleweshwa, kwa sababu ni vitu viwili tofauti kabisa, ya kucheleweshwa ni deni unadai, ya kukatwa imeenda, na watu wa ofisi wanajua sana kuandika sentensi inayokaa katikati. Sisi yetu ilisema "kusimamishwa" na tuligombania hilo neno moja karibu mwaka mzima. Halafu angalia pia karatasi ya mshahara: kama inaonyesha wewe umekatwa sehemu yako na mfuko haujaipokea, hiyo si mambo ya korona tena, hiyo ni pesa yako imeshikwa, nenda RBA, wale wa serikali wanaosimamia mifuko ya penseni, usingoje mkutano wa chama.

Tukirudi kwa mgomo, hapa watu wanakurupuka sana. Katiba yetu kifungu cha 41 inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma, sawa, lakini sheria ya mahusiano ya kazi ya 2007 imeweka ngazi. Kwanza mgogoro uende kwa msuluhishi, anapewa siku 30, ikishindikana ndio mnatoa notisi ya maandishi ya siku saba kwa mwajiri na kwa waziri. Ukiruka ngazi moja wakili wa kampuni anafurahi kuliko wewe. Na hata mgomo ukiwa halali kabisa mwajiri halazimiki kulipa siku ambazo hukufanya kazi, hilo waambie watu mapema, usingoje wajue tarehe thelathini. Tena angalia kama kazi yenu iko kwenye orodha ya huduma muhimu. Kitu kilichonishangaza ni kwamba wanaoongoza ndege kutoka mnarani wamo, lakini rubani anayeipeleka hiyo ndege hayumo.

Marubani walitoa notisi yao Oktoba, lakini kabla siku haijafika kampuni ilishaenda mahakamani na mgomo ukasimamishwa. Wakagoma tu, tarehe 5 Novemba asubuhi. Nawaelewa hasira, wallahi nawaelewa, lakini hapo ndipo mimi na wao tunaachana njia. Kuanzia hapo hakuna aliyekuwa anaongea penseni tena, ilikuwa ni amri ya mahakama, abiria, hasara ya milioni 300 kwa siku ambayo kampuni ilikuwa inataja kila redio, mpaka kampuni ikasema inajitoa kwenye mkataba wake na chama. Tarehe 8 mahakama ikaamuru warudi kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, bila masharti. Lakini jaji aliikataza pia kampuni kuwaadhibu waliogoma, na hicho kipande kidogo ni cha kukumbuka. Kama mtawahi kugoma, kabla mtu wa kwanza hajaingia getini hakikisheni limeandikwa mahali kwamba hakuna atakayefutwa kwa sababu ya mgomo, kwa sababu kuna wale viongozi watatu wanne ambao huwa wanatafutwa kimya kimya miezi mitatu baadaye, kuchelewa dakika tano inakuwa kesi.

Kingine, jifunzeni kumweleza mama wa chai. Sisemi kwa dharau. Marubani walikuwa na hoja nzuri ila yeye hakuwahi kuisikia, alisikia tu "mgomo" na "abiria wamekwama", na mtu aliye na mzigo wake uwanja wa ndege hawezi kukuhurumia kama hajui unadai nini. Ingetosha sentensi moja: tulikubali kufunga mkanda 2020, mkanda haujafunguliwa.

Sisi hatukugoma. Tulipeleka mgogoro wizarani, nilibeba rekodi zote za ovataimu tangu 2021, kurasa na kurasa nimezipiga picha na simu kila Ijumaa kwa sababu nilishaona hiyo siku inakuja, na msuluhishi akasema mtu anayefanya kazi mpaka Jumapili hawezi kuambiwa biashara haijarudi. Mchango ukarudi Februari 2023. Wakakubali kulipa nyuma mpaka Januari 2022, kwa awamu nane, za mwisho zilichelewa lakini zilikuja.

Ya kabla ya hapo hatukupata. Nikifungua stetimenti ya mfuko naona Mei 2020 sifuri, Juni sifuri, hivyo hivyo mpaka Desemba 2021, miezi 20, na sahihi chini ya ile barua ni yangu.