Hewa ipate njia juu kabla ya kufungua koki ya chini

Usiunganishe mpira wowote kwenye koki ya chini ya silinda hiyo mpaka umalize kusoma haya. Umeeleza kwamba silinda yako ya maji moto ni ya shaba, imewekwa ghorofa ya juu, inadondosha maji kwenye shingo ya elementi (kile kipande cha umeme kinachochemsha maji), na kwamba unataka kutoa maji yote ili ubadilishe gasketi (pete inayoziba kiungo cha elementi). Ukauliza aina ya gasketi, namna ya kulegeza elementi iliyoshikana, na kama kuna haja ya kubadilisha silinda nzima. Hayo yote yanaweza kusubiri. Kilichonishtua ni sentensi yako ya mwisho, kwamba kuna mtu amekushauri ufunge mabomba yote ya nyumba ili hewa isiingie kwenye mfumo, kisha uteremshe mpira dirishani hadi uani na kuacha maji yajitoe yenyewe. Ushauri huo, karibu kwa maneno yale yale, ndio uliogeuza kivujo cha gasketi nyumbani kwangu kuwa ununuzi wa silinda mpya, na sitaki kuona mtu mwingine akilipia ujinga ule ule.

Silinda yangu ilikuwa kama yako: ya shaba, ikijazwa na tangi la darini, na kutoka kichwani mwake ikipanda paipu ya kupumulia iliyojipinda juu ya tangi hilo. Fundi niliyemwita alifunga vali ya maji baridi, akaamuru mabomba yote yafungwe, akaunganisha mpira na kuushusha nje. Mwanzoni maji yalitoka kwa nguvu, kisha yakalegea, kisha yakawa uzi mwembamba. Mtu anayeijua kazi yake angesimama hapo na kujiuliza kwa nini silinda iliyojaa inakataa kutoa maji. Yeye aliagiza ncha ya mpira ishushwe chini zaidi, hadi mwisho wa ngazi za nje, ili uvute vizuri. Tukasikia mlio mzito wa bati likikunjamana, na tulipofungua kabati, ubavu mmoja wa silinda ulikuwa umeingia ndani kama chupa ya plastiki iliyofyonzwa na mtoto, na mshono wake umepasuka. Kivujo kilichokuwa kikidondosha tone baada ya tone sasa kilikuwa kijito kinachoshuka kwenye dari ya chini.

Fundi huyo alidai kwamba shaba ilikuwa imechoka. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo kuliko gharama yenyewe, kwa sababu silinda haikuwa na kosa lolote isipokuwa gasketi ngumu ya zamani. Kilichoivunja ni mgandamizo wa hewa. Hewa inayotuzunguka hubana kila kitu kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban tani 10 kwa kila mita ya mraba, nasi hatuihisi kwa sababu hubana ndani na nje kwa usawa. Maji yanapotoka kwenye silinda bila hewa kuingia kuchukua nafasi yake, usawa huo huharibika. Kila mita moja ya kimo kutoka juu ya maji ya silinda hadi kwenye ncha ya mpira huongeza mvuto unaolingana na uzito wa takriban tani moja kwa kila mita ya mraba. Silinda ya lita 120 hivi ina ukuta wenye eneo la zaidi ya mita moja ya mraba. Sasa piga hesabu ya mpira unaoning'inia mita nne, na ukumbuke kwamba silinda za shaba hutengenezwa kwa bati jembamba linaloweza kuhimili msukumo wa maji kutoka ndani, wala halikukusudiwa kubanwa kutoka nje. Kushusha mpira zaidi wakati maji yamelegea ni kuongeza mzigo juu ya ukuta ambao tayari unaelemewa.

Huenda mshauri wako atakujibu kwamba paipu ya kupumulia ipo kwa ajili hiyo hiyo, na ni kweli kwamba katika mfumo ulio mzima paipu hiyo huingiza hewa hata kama mabomba yote yamefungwa. Yangu ilikuwapo pia. Tulipoikata tulikuta imezibwa na chokaa ya maji magumu kiasi cha kutopitisha hata mwanga. Paipu za aina hiyo huziba taratibu bila mtu kugundua, kwa sababu maji ya bombani huendelea kutoka kama kawaida, na wapo watu ambao huziziba kwa makusudi wakiona zinadondosha maji. Kwa hiyo usiitegemee paipu ambayo hujaihakikisha kwa macho yako.

Kanuni yangu ni moja, na sitaibadilisha kwa ajili ya fundi yeyote: fungua juu kabla hujafungua chini. Kwa vitendo maana yake ni kwamba, baada ya kufunga vali ya maji baridi yanayoingia kwenye silinda, unafungua mabomba ya maji moto, hasa lile lililo juu kabisa ya nyumba, na kuyaacha wazi mpaka kazi iishe. Kama bomba ni la mchanganyiko, ligeuze upande wa moto peke yake. Maji yataacha kutoka kwenye mabomba hayo baada ya muda mfupi, na hapo usidanganyike kwamba silinda ni tupu. Paipu ya maji moto huanzia kichwani mwa silinda, hivyo yanapokoma kutoka bombani, karibu maji yote bado yamo ndani, na bado ni ya moto.

Hata bomba lililo wazi si ushahidi kwamba hewa inafika kwenye silinda. Nyumba nyingi zina vali ya kuchanganya inayopunguza joto la maji kabla hayajafika bafuni, na vali hizo mara nyingi huwa na vizuizi vinavyoruhusu maji kwenda upande mmoja tu. Hewa inayoingia kupitia bomba la bafuni itaishia kwenye kizuizi hicho, nawe utaamini kwamba umefungua njia. Katika hali hiyo, legeza kiungo cha paipu ya maji moto kilicho juu ya silinda yenyewe, maji ya paipu yakishapungua. Kwa silinda zinazopokea maji ya presha moja kwa moja kutoka kwenye mtandao wa maji, inua mkono wa vali ya usalama na uuache umeinuliwa, ukijua kwamba vali ya zamani inaweza kukataa kufunga vizuri baadaye na kuhitaji kubadilishwa. Silinda hizo kwa kawaida ni za chuma na ni ngumu zaidi kuliko za shaba, lakini zile zenye utando wa enameli (tabaka gumu kama kioo) ndani zinaweza kupasuka utando huo zikivutwa, kisha kutu ikaanza kazi yake mahali usipoona.

Baada ya hapo ndipo ufungue koki ya chini, kidogo kidogo, huku mtu mwingine akiweka kiganja au kipande cha karatasi nyepesi kwenye tundu la juu ulilolifungua. Karatasi ikivutwa kwa ndani, hewa inapita, nawe unaweza kufungua zaidi. Kama haivutwi ilhali maji yanatoka chini, funga koki mara moja. Vilevile, mtiririko ukilegea mapema, funga kwanza kisha tafuta sababu, kwa kuwa inaweza kuwa ni ukosefu wa hewa au mashapo yaliyoziba tundu la koki, na yote mawili huonekana sawa ukiwa uani umeshika mpira. Pima maji kwa ndoo yenye kipimo unachokijua. Silinda ya lita 120 iliyotoa lita 40 haijaisha, hata mtu akuapie.

Kuhusu umeme nitasema kwa ufupi, ingawa ndilo la kwanza kabisa kufanywa: zima swichi ya hita na ile ya kwenye bodi kuu, kisha hakikisha kwa testa kwamba waya za elementi hazina umeme kabla ya kugusa mfuniko wake. Elementi inayowaka bila maji huungua kwa muda mfupi sana, na kivujo kilicho karibu na nyaya ni hatari kwa uhai wa mtu, si kwa kifaa tu. Acha pia maji yapoe. Maji ya nyuzi 60 huweza kumuunguza mtu vibaya kwa takriban sekunde tano, na mpira wa kawaida wa bustani hulainika na kuchomoka kwenye koki ukipitisha maji ya namna hiyo.

Kama kivujo ni cha gasketi kweli, kitajulikana kwa kukausha eneo lote kwa kitambaa na kutazama maji yanakoanzia, kwa sababu maji hutambaa chini ya kifuniko cha kuhifadhi joto kilichovikwa silinda na kutokeza mahali ambapo hayakuanzia. Mwili wa silinda ukiwa ndio unaovuja, usipoteze muda kuuziba.

Wakati wa kujaza upya, kanuni ni ile ile: mabomba ya juu yabaki wazi mpaka maji yatoke mfululizo bila kukohoa hewa, ndipo uyafunge, ukague gasketi, na mwishowe uwashe umeme.

Kabla ya kugusa koki hiyo, naomba urudi hapa utujibu mambo mawili: je, umeiona ncha ya paipu ya kupumulia na kuhakikisha kwamba iko wazi, na je, kuna vali ya kuchanganya kati ya silinda na mabomba yako? Na huyo aliyekuambia ufunge mabomba yote, mwulize hewa itaingilia wapi.