Kufuli ya Kijani Haitoshi: Pima Programu Kabla ya Kutuma Faili

Kabla ya kukubali programu yoyote ya kutumiana faili katika duka letu la uchapaji hapa Nasser Road, Kampala, ambako wateja hututumia vyeti, hati za ardhi na nakala za vitambulisho, mimi huipima kwa simu mbili. Hutuma faili kutoka simu moja hadi nyingine, kisha huifuta programu kwenye simu ya pili na kuiweka upya, jambo ambalo kwa kawaida huifanya itengeneze funguo mpya (namba ndefu za kufungia na kufungulia faili), halafu hutuma tena. Programu makini husita na kumjulisha mtumaji kwamba ufunguo wa mwenzake umebadilika. Moja niliyoipima, iliyosifiwa sana kwa usalama wake, haikusema neno. Faili ilipita na kufuli ya kijani, alama inayodai kwamba faili iko salama, ikabaki palepale.

Hiyo si kasoro ndogo. Njia ya kukubaliana siri hadharani, ambayo ndiyo msingi wa programu kama hizi na waliyoichapisha wataalamu wa usimbaji Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976, haikuambii unakubaliana na nani. Mwenye seva, au mtu aliyeingilia waifai ya mkahawani, akikupa ufunguo wake badala ya ule wa mwenzako, faili itasimbwa, yaani itageuzwa isisomeke bila ufunguo, sawasawa kabisa, ila kwa ajili yake. Ataifungua, ataisoma, ataisimba upya kwa ufunguo wa mlengwa na kuipitisha, nanyi nyote wawili mtaendelea kuiona kufuli.

Kinga yake ni kulinganisha msimbo unaotokana na funguo za pande zote mbili. Programu ile ilionyesha tarakimu 4 tu, yaani michanganyiko 10,000, ambayo kompyuta ya kawaida huweza kuipitia kwa muda mfupi sana, ikizalisha funguo hadi ipate mmoja unaotoa tarakimu zilezile. WhatsApp na Signal huonyesha tarakimu 60. Bluetooth, ni kweli, hutumia 6, lakini huko kifaa huahidi kwanza namba yake, bila kuweza kuibadilisha baadaye, kabla ya kuiona ya mwenzake, hivyo mvamizi hapati nafasi ya kubahatisha kimyakimya.

Msimbo usomwe ana kwa ana au kwa kupiga simu, kamwe usitumwe ndani ya programu ileile inayotiliwa shaka. Kwenye WhatsApp, washa pia arifa za usalama katika mipangilio ya akaunti. Arifa zitakuwa nyingi, maana watu hubadilisha simu kila mara, na nyingi hazina ubaya wowote. Hata hivyo mimi hupiga simu, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na hapa anayezishika ni sisi, si mtengenezaji wa programu. Mteja asiye na subira ya kusomeana tarakimu namwomba alete faili kwa flashi, ingawa flashi nazo zina virusi vyake.